Historia ya umaarufu kwenye mbao sita: nianzie wapi, nipunguze nini?

Maktaba_Mbale

Salaam wanajukwaa. Tunaandaa maonyesho ya ukutani katika maktaba ya jamii hapa Mbale, Uganda. Mada ni historia ya watu mashuhuri na kazi yao katika jamii. Kuna mbao sita, kila moja sentimita 80 kwa 120, na meza moja ya kioo ya kuwekea vitu halisi. Watazamaji wengi watakuwa wanafunzi wa sekondari.

Rasimu ya kwanza inakwenda hivi: wafalme wa kale, sinema ya Marekani, wanamuziki wa Uganda, wanariadha, wanasiasa, simu. Inanisumbua. Mwenzangu anashikilia kwamba kabla ya Hollywood hakukuwa na mastaa, kulikuwa na watu wenye sifa tu. Tena naona Uganda imekaa kama mkia wa hadithi ya Wazungu.

Naomba msaada: je, ni kweli ustaa ulianza na sinema? Uganda iingie wapi? Mezani niweke nini? Nina boksi la kaseti za kadongo kamu, zile nyimbo za Kiganda za kusimulia kwa gitaa, na santuri tano za zamani, moja imepata ufa. Na ule ubao wa kazi yao katika jamii, niuandikeje usigeuke mahubiri?

Santuri78

Mwenzako amekosea kwa karne kama mbili, ila kosa lake lina mantiki. Sifa na ustaa si kitu kimoja. Sifa hukaa na tendo: fulani aliua simba, fulani alijenga mji. Ustaa hukaa na mtu mwenyewe: wasiomjua wanataka kujua kavaa nini, kala wapi, kagombana na nani. Hali hiyo ya pili ilikuwapo London tangu karne ya 18. Mwigizaji David Garrick alichorwa mara nyingi mno, michoro ikachapwa na kuuzwa madukani, ikanunuliwa hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wake. Magazeti, tiketi na chapa ya bei nafuu vikikutana katika mji mmoja, staa amezaliwa. Hollywood ilikuta shamba limeshalimwa.

Kwa hiyo usipange mbao kwa aina za watu. Panga kwa chombo kilichombeba mtu kutoka alipo hadi asipokuwapo: sarafu, chapa, picha, santuri, redio, kaseti, simu. Ukipanga hivyo, Uganda haitakuwa mkia, kwa sababu kila chombo kina tarehe yake ya kufika hapa na kina mwenyewe hapa.

Ubao wa kwanza mpe mfalme na sarafu, usikae hapo muda mrefu. Aleksanda Mkuu aliruhusu mchongaji mmoja tu, Lysippos, kuchonga sura yake. Julius Caesar mwaka 44 KK akawa mtu hai wa kwanza kuwekwa sura yake kwenye sarafu za Roma. Inatosha.

Ubao wa pili ndio wa kuukalia, na ningeujaza mtu mmoja: Jenny Lind, mwimbaji wa Uswidi, mwaka 1850. Hapo unaiona mashine yote ikiwa wazi, kama saa iliyofunguliwa mgongo. P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho wa Marekani, alimwahidi dola 1,000 kwa kila onyesho, hadi maonyesho 150. Bibi huyo alitaka kuona fedha kwanza, kwa hiyo Barnum akaweka dola 187,500 benki London kabla meli haijang'oa nanga. Tatizo lake: Wamarekani wengi hawakuwahi hata kulisikia jina la Lind. Basi kwa miezi kadhaa akalisha magazeti habari, na si za sauti yake hasa, bali za tabia yake: mcha Mungu, mkarimu, anawapa maskini. Tiketi za kwanza za New York hakuziuza dirishani, alizipiga mnada. Ya kwanza kabisa ilikwenda kwa muuza kofia, John Genin, kwa dola 225. Kesho yake nchi nzima inataja duka la kofia la Genin. Yaani mnunuzi wa tiketi naye alipata jina, na Barnum alipata habari ya bure. Methali yetu ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza ingemchekesha sana mzee yule: chema chake alikitembeza mpaka viatu vikaisha soli.

Andika pia mwisho wake: mwaka 1851 Lind alivunja mkataba kabla ya kufika maonyesho 150. Alichoshwa na kutembezwa.

Sinema ipe robo ya ubao. Mwaka 1910 studio nyingi bado hazikutaja majina ya waigizaji wao, na Florence Lawrence alijulikana kwa jina la kampuni tu, "binti wa Biograph". Alipohamia kwa Carl Laemmle, ikavuma habari kwamba amekufa kwa ajali ya tramu. Kampuni ya Laemmle ikatoa tangazo la kukanusha kwa ukali, na jina lake likiwa kubwa juu. Inaaminika uvumi wenyewe ulitoka humohumo.

Ngalabi_Masaka

Santuri78 kasema vizuri, ila ameruka kitu. Chombo si lazima kiwe cha chuma au karatasi. Kwetu kilikuwa mtu, na ubao wa Uganda uanzie hapo, Lubiri, yaani kasri la mfalme wa Buganda, si kwenye redio.

Chukua entenga, ngoma za kasri la Kabaka, ndiye mfalme huyo. Ziko 15: 12 zimetuniwa kama marimba, tatu ni za mdundo wa chini. Wapigaji ni sita. Wanne wanagawana zile 12 na wawili wanashika zile tatu. Zilipigwa kwa Kabaka, hukodi ukaenda nazo harusini. Mpigaji hodari alijulikana kasrini, lakini sifa yote ilipanda juu kwa aliyekaa kitini. Kwa mpangilio wako wa vyombo, mpigaji yule alikuwa chombo na Kabaka ndiye jina. Waganda tuna neno "ettutumu" kwa jina lililovuma. Kwa Kiswahili tunalo "mashuhuri" na "maarufu", yote kutoka Kiarabu, na yote yana maana ya kujulikana tu, hayasemi kujulikana kwa jema. Hiyo peke yake iweke kwenye kisanduku kidogo, wanafunzi watabishana wenyewe.

Kisha onyesha mpasuko. Mei 1966 jeshi lilivamia Lubiri, Kabaka akakimbilia uhamishoni, mwaka 1967 falme zikafutwa. Wanamuziki wa kasri walitawanyika. Evaristo Muyinda, mpigaji mkubwa wa amadinda, marimba ya Buganda, alikuwa tayari anapiga na kufundisha Jumba la Makumbusho la Uganda, na ni kupitia wanafunzi na watafiti waliokaa miguuni pake jina lake likafika mbali kuliko la mpigaji yeyote aliyemtangulia. Umeona kilichotokea? Bwana wa kumpa sifa hayupo tena, kwa hiyo jina linamrudia mpigaji. Falme zilirudishwa 1993, lakini mwanamuziki hakurudi kuwa kivuli.

Tahadhari: usimwite Kabaka "seleb" hata kwa utani kwenye ubao. Mtoto wa shule atacheka, babu yake hatacheka, na barua itakuja maktaba.

Fundi_Kaseti

Nimefurahi kusikia kuna boksi la kaseti. Hizo ndizo moyo wa maonyesho yako, usizigeuze pambo.

Anza na urefu wa wimbo. Santuri ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika hubeba kama dakika tatu upande mmoja. Siti binti Saad wa Zanzibar alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi, ilibidi taarabu ipimwe kwa kipimo hicho. Redio ya Uganda ilianza 1954, na waimbaji wetu wa miaka ile, santuri zao nyingi zikitengenezwa Nairobi, waliimba ndani ya dakika zilezile.

Kaseti ikabadilisha kila kitu. Ile ya C60 ina dakika 30 kila upande. Mwimbaji wa kadongo kamu, ambaye kazi yake ni kusimulia, akapata uwanja: wimbo unapita dakika kumi, mke anajibu, jirani anaingia, kesi inakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Herman Basudde na Paul Kafeero walikuwa mastaa wa kaseti. Aliyewabeba ni dereva wa teksi na muuza duka aliyenakili kanda nyuma ya kaunta. Mwenye wimbo hakupata kitu kwa nakala zile, jina lake tu ndilo lililokua. Halafu 1993 FM za binafsi zikaanza, Sanyu na Capital, na CBS ikafuata 1996. Mtangazaji anataka dakika tatu au nne aweke tangazo. Kizazi kipya kikaja na nyimbo fupi za kucheza. Jose Chameleone alianzia Nairobi, akaimba sana Kiswahili, kwa hiyo jina lake likavuka mipaka mitatu kwa mpigo. Msimulizi wa dakika kumi na tano alibaki na mashabiki wake, lakini redio ya mjini ilimpisha pembeni.

Sasa vitu vyenyewe.

Kaseti: kabla ya kucheza yoyote, fungua macho uangalie kitambaa kidogo cha sponji katikati ya mdomo wake, kile kinachosukuma utepe kwenye kichwa cha mashine. Gundi yake huzeeka, kikidondoka sauti inakuwa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi, na watu husema kanda imekufa wakati kilichokufa ni sponji. Kihamishe kutoka kaseti mbovu. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, ni ukungu: usiiweke kwenye mashine, utaambukiza nyingine zote. Zilizo nzima zizungushe mbele mpaka mwisho na kurudi mara moja, ndipo unakili. Nakili kwa muda wake halisi, faili la WAV, kilohezi 48 na biti 24. MP3 tengeneza baadaye kutoka humo. C60 moja ni saa nzima, kwa hiyo kaseti 40 ni wiki ya kazi, usidanganywe na mtu wa siku moja.

Santuri: kama ni za 78, usizisafishe kwa spiriti wala dawa yoyote yenye alkoholi. Zimetengenezwa kwa shelaki, na alkoholi inayeyusha shelaki. Utafuta wimbo pamoja na vumbi. Kitambaa laini, maji safi yaliyochujwa kidogo sana, usiloweshe karatasi ya katikati. Sindano ya kisasa ni nyembamba mno kwa mfereji wa 78, inazama chini na kukwaruza. Inahitajika yenye ncha ya mikroni 76 hivi, si 25. Ile yenye ufa usiicheze kabisa. Hiyo ndiyo ya kuweka chini ya kioo.

Maktaba_Mbale

Nimeshafuta rasimu ya zamani. Sasa: (1) sarafu na kasri, (2) Lind na chapa, (3) santuri na redio, (4) kaseti na FM, (5) kazi katika jamii, (6) simu. Kwa ubao wa tano nilifikiria mwimbaji Philly Lutaaya na mwanariadha John Akii-Bua, nusu kwa nusu. Siasa nilitaka kuiruka, kusema kweli. Inafaa?

Dada_wa_Lira

Nusu kwa nusu hapana. Mpe Lutaaya theluthi mbili.

Watu humsimulia kama ushujaa wa moyo, na ulikuwa ushujaa, lakini ubao wako uonyeshe kwa nini ulifanya kazi. Aprili 1989 Lutaaya, aliyekuwa akiishi Uswidi, alitangaza kwamba ana virusi vya UKIMWI. Hakuna Mganda wa jina kubwa aliyewahi kusema hivyo hadharani. Alizunguka shuleni na makanisani mwili ukipungua machoni pa watu, akaimba juu ya upweke na hofu ya ugonjwa huo, akafariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Miezi minane tu.

Weka mambo matatu chini ya picha yake. La kwanza, sauti yake ilikuwa imeshaingia majumbani. Watafiti wawili wa Marekani, Horton na Wohl, waliandika mwaka 1956 juu ya ujamaa wa upande mmoja: msikilizaji anamjua mtangazaji kama ndugu, mtangazaji hamjui kabisa. Ujamaa huo huonekana upuuzi mpaka siku ndugu huyo anapougua. Mpaka leo Desemba ikifika, nyimbo zake za Krismasi zinapigwa kila duka.

La pili, hakuaminiwa mara moja. Wapo waliosema anatafuta soko la nyimbo. Usilifiche hilo, ndilo somo lenyewe: kwa miaka watu wamezoea kuona staa akiuza kitu, basi hata ugonjwa wake unadhaniwa tangazo. Kilichovunja shaka ni mwili wake wenyewe.

La tatu, na mara nyingi husahaulika: kulikuwa na mlango wa kumpeleka aliyesikia. TASO, shirika la kusaidia wanaoishi na UKIMWI, ilikuwa imeanzishwa 1987. Mtu akitoka kumsikiliza Lutaaya alikuwa na mahali pa kwenda kuzungumza. Linganisha na Elvis Presley kuchomwa sindano ya polio mbele ya kamera New York, Oktoba 1956: chanjo ilikuwa tayari imeshaidhinishwa. Kampeni nyingi za sasa zinakodi staa, zinapiga picha za fulana, na kituo cha afya kilicho karibu hakina dawa. Jina linavuta watu hadi kwenye mlango uliofungwa, na mara ya pili hawaji.

Akii-Bua mpe theluthi iliyobaki, kwa upande mwingine wa sarafu. Munich, 1972, mita 400 kuruka viunzi, njia ya kwanza yenye kona kali kuliko zote, sekunde 47.82, rekodi ya dunia, mtu wa kwanza kushuka chini ya 48. Serikali ya Amin ilimpa nyumba na barabara ya Kampala ikaitwa jina lake. Utawala ulipoanguka 1979 bingwa huyo alijikuta kambi ya wakimbizi Kenya, na waliomtoa kumpeleka Ujerumani ni kampuni ya viatu, Puma. Uganda ilisubiri miaka 40 kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, marathoni ya Stephen Kiprotich London 2012. Nchi ilimtumia Akii-Bua kama bendera, na bendera ikibadilishwa mshika mlingoti haulizwi.

Ngalabi_Masaka

Dada, hapo mwisho umeteleza kidogo. Bendera ya Uganda haikubadilishwa, na barabara bado ina jina lake, ipo Nakasero. Kilichobadilika ni wenye kumlinda. Andika hivyo.

Dada_wa_Lira

Sawa ssebo, nakubali. Rekebisha hivyo.

Santuri78

Siasa usiiruke, utaonekana umeogopa, na wanafunzi wataiandika kwa kalamu pembeni ya ubao. Iweke kwenye ubao wa sita, pamoja na simu, kwa tarehe na vitenzi bila vivumishi. Mfano: "2015: wanamuziki kadhaa wakubwa waliimba pamoja wimbo wa kampeni ya rais, baadhi ya mashabiki wa upinzani waliwasusia." "Juni 2017: mwimbaji Bobi Wine, yaani Robert Kyagulanyi, alichaguliwa mbunge wa Kyadondo Mashariki; 2021 aligombea urais." "Julai 2018: kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya data." Mistari mitatu hiyo inatosha, kila upande utakuta tarehe zake ni sahihi na hautapata neno la kukasirikia. Ukiandika "shujaa" au "msaliti" mahali popote, ubao utashushwa na mtu fulani kabla ya Ijumaa.

Kuhusu haki: kuwa na kaseti si kuwa na haki ya jalada lake. Sheria ya hakimiliki ya 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo Basudde na Kafeero wote bado wamo ndani. Kuonyesha kaseti yenyewe mezani hakuna shida. Kuikuza picha ya jalada iwe bango, au kupiga wimbo mzima siku nzima kwenye spika, tafuta ruhusa ya maandishi: kwa muziki anzia UPRS, chama kinachosimamia haki za wanamuziki Uganda, kwa picha anzia kwa mpigapicha au familia. Anza wiki sita kabla, barua za aina hii hazikimbii.

Maelezo yasizidi maneno 80 kwa picha moja. Katikati ya ubao iwe sentimita 150 kutoka sakafuni kwa watu wazima. Kwa kuwa una wanafunzi, shusha hadi 140.

Fundi_Kaseti

Nyongeza mbili. Meza ya kioo isikae dirishani. Picha na majalada ya karatasi yanataka mwanga hafifu, kama laksi 50, na jua la Mbale la saa tisa litayafanya meupe kabla ya muhula kwisha. Na kaseti zisiwe karibu na spika kubwa, sumaku yake itazila polepole.

Pia kwenye ubao wa pili umesahau picha ya kadi. Disdéri wa Paris alisajili mwaka 1854 kamera yenye lenzi kadhaa iliyopiga sura nane kwenye bamba moja, zikakatwa na kubandikwa kwenye kadi ndogo. Malkia Victoria aliporuhusu zake ziuzwe mwaka 1860, watu wakaanza kuweka sura ya malkia kwenye albamu moja na shangazi zao. Chapisha nakala kama thelathini kwenye karatasi ngumu, kata sentimita 6.3 kwa 10, ziweke kwenye kikapu chini ya ubao wanafunzi washike na kupanga wenyewe. Weka na chache tupu. Zitapotea nyingi, kwa hiyo hifadhi faili la kuchapisha nyingine.